Ardhi ya Wote, Njia ya Nani? Mjadala wa Magari ya Burudani katika Ardhi ya Umma Nchini Marekani

Kila mwaka, Juma Kuu linapofika na waamini wakijiandaa kuadhimisha Mateso, Kifo na Ufufuko wa Kristo Yesu, mji mdogo wa Moab, katika jimbo la Utah, Magharibi mwa Marekani, hufurika magari. Mwaka 1967 wafanyabiashara wa mji huo walianzisha msafara wa siku moja wa magari ya jeep. Leo hii msafara huo huchukua siku 9, na kilele chake ni Jumamosi Kuu, siku ambayo Mama Kanisa hukaa kimya kando ya kaburi la Bwana. Siku hiyo injini hunguruma mabondeni, magari hupanda miamba myekundu, na maelfu ya watu waliotoka mbali hufurahia uzuri wa jangwa ambalo, kwa sheria ya nchi yao, ni mali ya wananchi wote.

Hatuyasemi haya ili kumnyoshea mtu kidole. Wengi wa wanaokwenda huko ni baba na mama walioambatana na watoto wao, wakitafuta pumziko baada ya miezi ya kazi, na pumziko ni haki ya binadamu. Tunayasema kwa sababu njia hizo za jangwani zimekuwa uwanja wa mabishano makali, mahakamani, bungeni na katika mikutano ya vijiji. Upande mmoja unasema: ardhi ni yetu sote, msitufungie njia. Upande wa pili unajibu: ardhi ni yetu sote, msiiharibu kwa magurudumu. Pande zote mbili zinatumia neno moja, yaani "wote". Swali ambalo Mafundisho Jamii ya Kanisa yanatusaidia kuliuliza ni hili: huyo "wote" ni nani, na ni nani aliyesahaulika katika hesabu hiyo?

Ardhi isiyo na mwenye shamba

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, ni vyema kwanza kueleza jambo lenyewe. Serikali kuu ya Marekani inamiliki takriban ekari milioni 640, yaani zaidi ya robo ya ardhi yote ya nchi hiyo. Sehemu kubwa iko majimbo ya Magharibi. Katika jimbo la Utah, karibu theluthi mbili ya ardhi yote ni ya serikali kuu. Hifadhi za taifa zinazojulikana duniani kote ni sehemu ndogo tu ya eneo hilo. Sehemu iliyo kubwa zaidi ni misitu ya taifa na nyika zilizo chini ya Idara ya Usimamizi wa Ardhi, ambako watu huchunga ng'ombe, huchimba madini, huwinda, hupiga kambi na hutembea bila kumlipa mwenye shamba, kwa maana hakuna mwenye shamba.

Njia nyingi zinazogombaniwa leo hazikuchorwa na mtu aliyefikiria burudani. Eneo la Moab ni mfano ulio wazi. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, serikali ya Marekani ilihitaji urani kwa ajili ya silaha za nyuklia. Mwaka 1952 iligunduliwa hazina kubwa ya madini hayo karibu na Moab, na mara wachimbaji wakamiminika wakiwa na matingatinga, wakichonga njia juu ya miamba na kando ya makorongo ili kufuata mwamba wenye madini. Shughuli ile ilipopoa, wachimbaji waliondoka, njia zikabaki. Wenyeji waliokuwa na magari ya jeep wakaanza kuzipita siku za mapumziko, na watoto wao wakazirithi kama mtu anavyorithi kisima cha babu. Ndiyo maana, anapokuja afisa akiwa na ramani na kusema kwamba njia hii imefungwa, mwenyeji haoni kwamba anazuiliwa burudani. Anaona kwamba anafutiwa kumbukumbu.

Kuna pia deni la kale la kisheria. Sheria ya madini ya mwaka 1866 iliruhusu barabara kujengwa katika ardhi ya umma, nayo ilifutwa mwaka 1976, lakini haki zilizokwisha kupatikana chini yake ziliachwa zisimame. Kwa msingi huo jimbo la Utah limefungua kesi likidai njia zaidi ya 12,000. Baadhi ni barabara za kweli zinazofika kwenye mashamba na visima. Nyingine ni alama za matairi tu mchangani. Mahakama zinaendelea kuzipambanua.

Mamlaka yalivyojaribu kuweka utaratibu

Pikipiki na magari ya kupanda milima yalipoongezeka miaka ya 1960, ilidhihirika kwamba ardhi isiyo na utaratibu haiwezi kuyabeba. Mwaka 1972 Rais Richard Nixon alitoa amri iliyozitaka idara za serikali kuchagua mahali ambapo magari hayo yataruhusiwa na mahali yatakapozuiliwa, kwa kupunguza kadiri iwezekanavyo madhara kwa udongo, vyanzo vya maji, mimea na wanyama, pamoja na migongano kati ya watumiaji wenyewe. Mwaka 1977 Rais Jimmy Carter aliongeza kwamba pale uharibifu mkubwa unapoonekana, eneo lifungwe mara moja. Tutambue kwamba mmoja alikuwa wa chama cha Republican na mwingine wa chama cha Democrat. Utunzaji wa ardhi haukuwa bado bendera ya chama.

Amri ni jambo moja, utekelezaji ni jambo jingine. Ilichukua hadi mwaka 2005 kwa Huduma ya Misitu kutoa kanuni inayoutaka kila msitu wa taifa uchore ramani ya barabara na njia zinazoruhusiwa kwa magari. Kabla ya hapo, katika misitu mingi, kila mahali palikuwa ruksa isipokuwa palipokatazwa. Baada ya hapo, pasipokuwa kwenye ramani ni marufuku. Mabadiliko hayo yanaonekana madogo kwenye karatasi, lakini kwa watu waliozoea uhuru wa zamani yalikuwa makubwa mno.

Jangwani Utah mvutano ulifika kileleni katika miaka ya karibuni. Makubaliano ya mahakama ya mwaka 2017 yaliilazimu Idara ya Usimamizi wa Ardhi kupitia upya njia katika maeneo kadhaa. Mojawapo ni nchi ya miamba iliyo kaskazini magharibi mwa Moab, juu ya korongo la Labyrinth ambamo Mto Green hupita polepole, eneo la takriban ekari 300,000. Uamuzi ulitolewa Septemba 2023: kati ya maili zaidi ya 1,100 za njia, maili 317 zikafungwa kwa magari, na zaidi ya maili 800 zikaachwa wazi. Watetezi wa mazingira walishukuru. Vyama vya wapenda magari vilikwenda mahakamani, na serikali ya jimbo nayo ikapinga.

Msomaji anaweza kuuliza: ikiwa maili 800 zimebaki, kelele ya nini? Swali hilo ni la haki, lakini lisitupeleke haraka. Tusikilize kwanza.

Wanachosema wanaotaka njia zibaki wazi

Hoja yao ya kwanza ni ya wazee, wagonjwa na watu wenye ulemavu. Jangwa lile ni pana, jua ni kali, maji hakuna. Mzee wa miaka 75 aliyekulia pale hawezi tena kutembea kilomita 15 kufika ukingoni mwa korongo ambako alipelekwa na baba yake. Akifungiwa njia ya gari, amefungiwa mahali penyewe. Hoja hii si ya kupuuzwa. Baba Mtakatifu Francisko, katika Waraka wake wa Kitume wa mwaka 2015 juu ya utunzaji bora wa mazingira nyumba ya wote, "Laudato si'", anakumbusha kwamba historia ya urafiki wa kila mtu na Mwenyezi Mungu inaungana na mahali fulani hapa duniani, na kwamba kurudi mahali pale pa utotoni humrudishia mtu nafsi yake.

Hoja ya pili ni ya wenyeji wanaohisi kwamba maamuzi juu ya maisha yao hufanyika mbali, na watu wasioyajua makorongo yao kwa majina. Hapa tunasikia mwangwi wa kanuni auni, mojawapo ya nguzo za Mafundisho Jamii ya Kanisa: kile ambacho jumuiya ndogo inaweza kukitenda vyema, ile kubwa isiinyang'anye. Waraka huohuo wa "Laudato si'" unasema kwamba katika majadiliano juu ya mazingira, wakazi wa mahali wanapaswa kupewa nafasi ya pekee mezani, kwani wao ndio wanaojiuliza watoto wao wataishije.

Hoja ya tatu ni hofu ya kunyang'anywa. Wanasema: leo mnafunga njia, kesho mtafunga lango, keshokutwa mtauza. Hofu hiyo si ndoto tupu. Juni 2025 lilipelekwa katika Baraza la Seneti la Marekani pendekezo la kuuza mamilioni ya ekari za ardhi ya umma katika majimbo 11 ya Magharibi. Likaondolewa kabla mwezi haujaisha, kwa sababu wawindaji, wavuvi, wapanda milima, watetezi wa mazingira na waendesha magari, watu ambao kwa kawaida hawakai meza moja, walilipinga kwa sauti moja. Papa Francisko anasikitika katika "Laudato si'" kwamba ubinafsishaji wa maeneo yenye uzuri wa pekee umewafungia wengi, na kubakiza uzuri huo kwa wachache wenye uwezo. Kumbe, anayepigania ardhi ya umma ibaki ya umma anapigania jambo jema, hata anapokuwa amekaa juu ya pikipiki.

Wanachosema wanaotaka baadhi ya njia zifungwe

Upande wa pili unaanza na udongo. Juu ya mchanga wa jangwa la Utah kuna tabaka jembamba, jeusi, lenye vinundu vidogo vidogo, ambalo mgeni hulidhania kuwa uchafu. Kwa hakika ni tabaka hai: viumbe wadogo mno na mimea midogo isiyo na maua hushikana na kuufunga mchanga usipeperuke, hulinda unyevu na kuirutubisha ardhi. Gurudumu moja linalotoka njiani hulivunja kwa sekunde. Kupona kwake huchukua miaka mingi, na mahali pengine miongo ya miaka.

Madhara hayaishii hapo. Udongo uliovunjwa na mifugo, kilimo, ujenzi na magari hupeperushwa na upepo wa masika hadi kwenye milima ya Colorado, ukatua juu ya theluji. Theluji iliyochafuka hunyonya joto la jua na kuyeyuka mapema kabla ya wakati wake. Theluji hiyo ndiyo inayoulisha Mto Colorado, ambao maji yake hutegemewa na watu wapatao milioni 40, kutoka Marekani hadi Meksiko. Si magari peke yake yenye lawama hiyo, na ni lazima tuseme hivyo kwa haki. Lakini hapa tunaona kwa macho kile ambacho Kanisa linafundisha linaposema kwamba kila kitu kinahusiana: dereva anayejiburudisha jangwani na mkulima anayemwagilia shamba lake mbali sana, wasiojuana na wasiowahi kuonana, wameunganishwa na mchanga.

Jambo la pili ni ukimya. Korongo hubeba sauti. Anayepiga kasia kwenye Mto Green husikia injini iliyo juu ukingoni, maili kadhaa kutoka alipo, ilhali aliye juu hamsikii. Mmoja anaweza kumnyima mwenzake alichokifuata, na asijue. Kondoo wa porini wa jangwa lile, wanaozaa kwenye majabali, nao hukimbia kelele. Hata wakazi wa Moab wenyewe, ambao wengi wao huishi kwa kuwahudumia wageni hao, walifika mahali pa kusema imetosha: mwaka 2021 mamlaka za mji na za kaunti zilipitisha kanuni za kuzuia kelele za magari.

Jambo la tatu, na kwetu ndilo zito kuliko yote, ni makaburi na nyumba za mababu. Kusini mwa Moab ni nchi ambayo mataifa ya asili kama Hopi, Zuni, Navajo na Ute wanaitambua kuwa ni mahali patakatifu pa wahenga wao. Mwaka 2007 korongo moja la huko, liitwalo Recapture, lilifungwa kwa magari kwa sababu watu walikuwa wamechonga njia kupita kwenye mabaki ya makazi ya kale. Mei 2014 kamishna mmoja wa kaunti aliongoza msafara wa magari kuingia humo kwa makusudi, kupinga kile alichokiita ubabe wa serikali kuu. Alihukumiwa siku 10 jela, na Desemba 2020 akapewa msamaha wa Rais. Wenyeji waliomfuata walisema wanadai njia ya wazee wao. Lakini chini ya magurudumu walikuwamo wazee wa watu wengine.

Mahali pa kulipima jambo hili

Tukio hilo la Recapture linafunua udhaifu wa mjadala mzima unapobaki kuwa shindano la haki. Kila upande unataja haki yake, na anayepiga kelele zaidi ndiye anayesikika. Mafundisho Jamii ya Kanisa yanaanzia kwingine. Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatican, katika Hati juu ya Kanisa katika Ulimwengu Mamboleo, unafundisha kwamba Mwenyezi Mungu ameikusudia dunia na vyote vilivyomo kwa ajili ya wanadamu wote na mataifa yote. Agano la Kale linakwenda mbali zaidi: katika kitabu cha Walawi, Mungu anawakumbusha Waisraeli kwamba nchi ni yake, nao ni wageni na wapangaji tu. Mpangaji ana haki ya kuishi ndani ya nyumba. Hana haki ya kuibomoa, wala ya kumzuia mpangaji mwingine kuingia, wala ya kusahau kwamba baada yake wapo watakaoihamia.

Kutokana na hayo, tunaona mambo matatu.

Kwanza, kufikika kwa ardhi ya umma ni jambo jema la kweli, wala si anasa. Serikali inayofunga njia bila kueleza sababu, bila kuwasikiliza wanaoipita, na bila kuangalia kama ipo njia nyingine ya kufika mahali pale, inakosea hata kama nia yake ni njema. Sababu itajwe kwa jina: ni kisima gani, ni kaburi gani, ni mnyama gani. Anayeelezwa huweza kukubali, hata kwa uchungu. Asiyeelezwa huamini kwamba ameonewa.

Pili, hoja ya wazee na watu wenye ulemavu ichukuliwe kwa uzito unaostahili, na kwa sababu hiyohiyo isitumiwe kama ngao. Sheria ya Marekani ya mwaka 1990 inamruhusu mtu mwenye ulemavu kutumia kiti chake cha magurudumu hata katika maeneo ya nyika ambamo vyombo vyote vya moto vimekatazwa. Lakini sheria haisemi kwamba njia iliyofungwa kwa wote ni lazima ifunguliwe kwa magari. Ikiwa kweli tunamjali mzee yule, tunachopaswa kumdai mtawala ni barabara chache zilizo nzuri, zinazotunzwa, zinazofika kwenye kingo zenye mandhari nzuri, zenye mahali pa kuegesha gari na pa kukaa kivulini. Maili mia tatu za njia mbovu, ambazo ni gari la kisasa la maelfu mengi ya dola tu linaweza kuzipita, hazimfai mzee maskini. Zinamfaa kijana mwenye fedha. Ni vibaya kumtanguliza dhaifu mlangoni ili mwenye nguvu apite nyuma yake.

Tatu, soko peke yake haliwezi kuamua. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika Waraka wa "Centesimus annus" wa mwaka 1991, alifundisha kwamba ni wajibu wa serikali kulinda mali za pamoja, kama mazingira asilia, ambazo nguvu za soko haziwezi kuzilinda. Magari ya burudani ni biashara kubwa, na mji unaoishi kwa biashara hiyo hupata shida kusema basi. Hapo ndipo mamlaka ya juu yanapohitajika. Kanuni auni haimaanishi kwamba serikali kuu inyamaze. Inamaanisha kwamba isaidie pale ambapo jumuiya ndogo haiwezi peke yake.

Kuna mfano wa Kanisa mahalia kulibeba jambo la aina hii. Mwaka 2001 Maaskofu Katoliki wa Kaskazini Magharibi mwa Marekani na wa upande wa Kanada walitoa barua ya kichungaji juu ya bonde la Mto Columbia, ambako wavuvi, wakulima, wazalishaji wa umeme na mataifa ya asili walikuwa wakivutana juu ya mto mmoja. Kabla ya kuandika, waliwasikiliza watu wa pande zote. Hawakumchagua mshindi. Waliwaita wote waone kwamba mto ule ni mali ya pamoja iliyo mikononi mwao kwa amana. Tunaamini kwamba jangwa la Utah linahitaji mkutano wa namna hiyo kuliko linavyohitaji hukumu nyingine ya mahakama.

Hali ilivyo sasa

Kwa bahati mbaya, upepo unavuma kuelekea kwingine. Kila serikali inapobadilika mjini Washington, ramani nazo hubadilika. Eneo la kumbukumbu la Bears Ears, mahali patakatifu pa mataifa ya asili tuliyoyataja, lilitangazwa na Rais Barack Obama Desemba 2016, likapunguzwa na Rais Donald Trump mwaka 2017 kwa takriban asilimia 85, kisha likarudishwa na Rais Joe Biden mwaka 2021. Juni 2025 serikali ilitangaza nia ya kufuta kanuni ya mwaka 2001 iliyozuia ujenzi wa barabara mpya katika ekari zaidi ya milioni 58 za misitu ya taifa. Watu wanaoishi kando ya ardhi hiyo, wawe wachungaji wa ng'ombe, waendesha magari au watu wa Navajo, wamejifunza kutokuamini ahadi yoyote, kwani hudumu miaka minne tu.

Hili ndilo jeraha lililofichika nyuma ya kelele za injini. Mali ya pamoja inahitaji kuaminiana kwa pamoja. Pale ambapo kila upande unangoja uchaguzi ujao ili ulipize, hakuna anayepanda mti ambao kivuli chake kitamfunika mjukuu wa jirani.

Na sisi je?

Huenda msomaji anasema: hayo ni ya Wamarekani, wana ardhi nyingi na magari mengi. Lakini tusisahau kwamba sisi nasi tuna ardhi ya umma ambayo kwa kawaida huonwa kutoka ndani ya gari. Katika hifadhi zetu kanuni huyataka magari yabaki njiani na watu wabaki ndani ya magari, na sababu zake ni zilezile za Utah: udongo, wanyama, na mgeni atakayekuja kesho. Julai 2025 zilisambaa video zilizoonyesha watalii katika Hifadhi ya Taifa ya Serengeti wakiwa wameshuka kwenye magari na kusimama ukingoni mwa mto, wakiwazibia nyumbu njia yao ya kuvuka. Wengi tulikasirika, na kwa haki. Hasira hiyo ifuatwe na swali: nyumbu wale nao walikuwa na njia, ya kale kuliko barabara zetu zote. Ni nani aliyeihesabu?

Na lipo swali jingine lililo karibu zaidi na nyumbani. Ni watoto wangapi wa vijiji vinavyopakana na hifadhi ambao hawajawahi kuingia ndani yake, kwa sababu hakuna gari la kuwaingiza? Wanafunzi wanaolijua jina la Serengeti kwa kulisoma kwenye kitabu, ilhali mgeni ametoka ng'ambo ya bahari kuja kuiona, nao ni sehemu ya "wote". Parokia na shule zetu zikiweza, hata mara moja kwa mwaka, kuchangisha nauli na kuwapeleka watoto hao wakaone kazi ya Muumba iliyo nyuma ya nyumba zao, tutakuwa tumefundisha utunzaji wa mazingira vizuri kuliko kwa mahubiri mengi. Mtu hulinda anachokipenda, na hukipenda anachokijua.

Tunawaalika waamini katika Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kulitafakari jambo hili kwa mifano yao wenyewe: kisima cha kijiji, malisho, uwanja wa shule, ufukwe, njia ya miguu iliyozibwa na ukuta wa jirani. Mahali pote hapo maswali ni yaleyale. Ni nani hufika hapa? Ni nani hawezi kufika, na kwa nini? Kupita kwetu kunawaachia nini wanaotufuata? Na je, yupo ambaye hatujamuuliza kwa sababu hana sauti, au kwa sababu amekwisha kufa, au hajazaliwa bado?

Jumamosi Kuu ijayo injini zitanguruma tena Moab. Hatuombi zizimwe zote. Tunaomba kwamba mmoja wa madereva wale, akifika ukingoni mwa korongo kwa njia iliyo halali, azime injini yake kwa dakika chache na kukaa kimya. Atasikia kwamba si yeye peke yake aliyefika mahali pale. Yupo mwingine mtoni chini, wapo waliolala ardhini, yuko kondoo na mwanawe juu ya jabali. Kwa wote hao, nchi ile ni zawadi, nao wote ni wageni wa Mungu mmoja.